Nimepewa kazi ya kuvusha magunia manane usiku, nje ya Kiwayu. Nipeni akili

NahodhaWaKusi (Amu, Lamu)

Assalaam aleikum jamaa. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Mimi ni mvuvi. Nina boti ya faiba ya futi 28 na mashine ambayo deni lake sijalimaliza. Mnaijua kusi: miezi hii mtu anakaa barazani akihesabu mawimbi. Wiki iliyopita alinijia bwana mmoja ninayemjua miaka yote kama tajiri wa samaki, ananunua pweza na kambakoche. Akasema ana magunia manane upande wa Kizingitini, yanatakiwa yafike nje ya Kiwayu usiku, kuna jahazi litasubiri. Safari moja, elfu themanini. Nusu naipata kabla sijawasha mashine.

Nikamuuliza ndani mna nini. "Majongoo ya bahari, makavu." Nikamwambia majongoo mbona watu huyapeleka mchana, kwa gari, hadi Mombasa? Akacheka. "Wewe beba. Gunia halina mdomo."

Nililinyanyua moja. Majongoo nimeyapigia mbizi tangu nina miaka kumi na sita, uzani wake naujua. Gunia lile lilikuwa jepesi, na ndani vitu vinakwaruzana kama sahani.

Sijakubali wala sijakataa. Amenipa mpaka Ijumaa. Mke wangu hajui.

MtotoWaShela (Malindi)

Elfu themanini kwa usiku mmoja? Hiyo si nauli, hiyo ni bei ya shingo yako. Kimbia.

KaziNiKazi (Ngomeni)

Haya, sasa mtaona hapa watu wenye mishahara wakikwambia kimbia. Kimbia uende wapi? Deni la mashine watakulipia wao? Ndugu yangu, sisi wote tumekula kasa utotoni na hakuna aliyekufa. Wakubwa wanauza misitu mizima na wanasalimiwa kwa heshima. Beba magunia yako, lipa deni, funga mdomo.

Bi_Mkunguni (Amu)

KaziNiKazi, kula kasa aliyenasa wavuni (na siku hizi hilo nalo ni kosa, usijifanye hujui) na kwenda kukutana na jahazi gizani si kitu kimoja. Huyo bwana ana boti zake mbili, nazijua. Muulize kwa nini hapakii kwenye boti zake.

NahodhaWaKusi

Bi Mkunguni, hilo sikuliwaza. Kweli anazo.

Mzee_wa_Pate

Mwanangu Nahodha, wambaje. Kitu chepesi kinachokwaruzana kama sahani ni ng'amba. Siapi, maana sikuliona gunia, lakini mimi nimekulia nyumba iliyokuwa ikinunua, na sauti ile haisahauliki. Magamba yale hubanduliwa kwenye mgongo wa kasa yakapangwa moja juu ya jingine. Ukitikisa, yanaimba.

Niwaeleze vijana. Babu yangu alinunua ng'amba kwa wavuvi wa Faza na Kiwayu, akaiuza kwa wafanyabiashara wa Kihindi mjini Amu. Ilikwenda kutengenezwa vitana, vishikizo na fremu za miwani. Mnunuzi mkubwa wa mwisho alikuwa Mjapani, naye aliacha kuagiza mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kubanwa na mataifa mengine. Na pembe pia. Nani asiyeijua siwa ya Pate, baragumu la wafalme? Ni pembe ya ndovu tupu, ipo makumbusho ya Amu, mtu mzima anaitazama akainua kichwa. Kwa hiyo sitaki kuwadanganya kwamba biashara hii imeletwa na wageni juzi. Ndia hii tumeipita sisi na mababu zetu.

Ila zamani mzigo ulikuwa na mwenyewe. Mwenye ng'amba alikaa barazani kwake, jina lake likijulikana muyi mzima, chombo kikizama hasara ni yake na kikifika faida ni yake. Leo unaambiwa gunia halina mdomo. Kwetu mzigo usio na mwenyewe haupakiwi.

MtotoWaShela

Mzee Pate umenena. Na sisi Malindi tusijitoe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga mzima mzima, kwa meli. Usafirishaji wa wanyama hai wa kimataifa, miaka mia sita iliyopita, na hakuna aliyeulizwa kibali 😂

Kliaring_Mstaafu (Malindi, zamani Kilindini)

Nilikuwa nasoma tu, lakini hapo kwenye "mzigo usio na mwenyewe" imenibidi niandike. Nimefanya kazi ya kutoa na kupeleka mizigo bandarini Mombasa miaka ishirini na kitu. Nimestaafu, napanda mihogo.

Watu wakisikia magendo ya wanyamapori hufikiria jangili na bunduki. Jangili ndiye wa bei rahisi kuliko wote. Anayelipwa vizuri ni yule anayeufanya mzigo uonekane wa kawaida. Kwenye karatasi za kontena kuna anayetuma, anayepokea na wakala. Sasa chukua kampuni iliyoandikishwa juzi, ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, mkurugenzi wake ni kijana aliyepewa elfu tano aweke sahihi na hajui hata bandari ilipo. Kontena likikamatwa ng'ambo, polisi wakifuata karatasi wanamfikia kijana huyo. Nyuma yake ukuta.

Mwaka 2015 mnakumbuka? Aprili, Thailand walifungua makontena ya majani ya chai yaliyotoka Kenya, wakakuta zaidi ya tani 3 za pembe, safari ikiwa ni ya Laos. Hata mwezi haujaisha, Singapore nao wakafungua majani ya chai kutoka Kenya, yakielekea Vietnam: tani 3.7 za pembe, vipusa vya kifaru, na meno ya chui na duma. Chai! Bidhaa yetu ya heshima. Anayechagua chai si mjinga. Ni mzigo unaotoka kila siku, na afisa hawezi kufungua kila gunia la chai bandarini bila biashara ya nchi kusimama. Na mzigo hauendi moja kwa moja. Unateremshwa bandari hii, unapandishwa meli nyingine, karatasi zinabadilishwa njiani, mpaka ukifika huko hakuna anayekumbuka ulianzia wapi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa kazi kama hiyo. Sijui ndani mlikuwa na nini, na sitasema ilikuwa ofisi gani. Mteja alikuwa na haraka, akalipa taslimu, hakutaka risiti, na kila nikimuuliza swali anajibu "tajiri atakupigia". Tajiri hakupiga. Nilirudisha karatasi nikasema mashine ya ofisi imeharibika. Nimeishi na swali hilo hadi leo, maana mzigo ule uliondoka tu, kwa mkono wa mtu mwingine.

Nahodha, wewe hapo ulipo ni yule kijana wa elfu tano, ila wako ni themanini kwa sababu kuna bahari.

KaziNiKazi

Mstaafu, na wewe ulikula mshahara miaka ishirini ukinyamaza. Leo unamfundisha mvuvi.

Kliaring_Mstaafu

Ni kweli. Sina la kujibu hapo.

Amina_wa_Biolojia (Kilifi)

Shikamooni wazee. Nasoma chuo cha Pwani, nimefika huku kwa sababu ya neno ng'amba, nimebaki kwa sababu ya mjomba Mstaafu.

Ukuta huo anaousema umewahi kutobolewa, na kilichoutoboa ni vinasaba, yaani DNA. Mtafiti Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikuwa wakipima DNA za pembe zilizokamatwa kwenye shehena kubwa duniani. Kwanza walitaka kujua ndovu aliuawa wapi. Wakaona pembe nyingi za ndovu wa nyika zinatoka kusini mwa Tanzania. Halafu wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta. Ndovu ana pembe mbili, sivyo? Mara nyingi walikuta pembe moja kwenye shehena hii, na mwenzake, wa ndovu yuleyule, kwenye shehena nyingine kabisa iliyokamatwa nchi nyingine. Shehena hizo mbili zilipofuatiliwa zikaonekana zimetoka bandari moja, kwa kupishana miezi michache.

Maana yake ni nini? Kwamba karatasi mbili zenye majina tofauti, kampuni tofauti na mawakala tofauti zilitoka ghala moja. Karatasi zinadanganya, jino halidanganyi. Waliunganisha shehena hivyohivyo kama shanga, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba magendo makubwa ya miaka ya 2011 hadi 2014 yalikuwa mikononi mwa mitandao mitatu iliyosafirishia Mombasa, Entebbe na Lomé.

Kwa hiyo mtu aliyekamatwa na shehena moja anaweza kuhusishwa na tano. Ndiyo maana ni muhimu kila shehena ipimwe, hata kama kesi yenyewe imekwisha. KWS, shirika letu la wanyamapori, wana maabara yao Nairobi tangu 2015.

MtotoWaShela

Pacha wametenganishwa wakakutana mahakamani. Subhanallah.

WakiliMpole (Malindi)

Mimi ni wakili. Si wakili wako, Nahodha, na hapa ni mahali pa wazi, kwa hiyo usiongeze maelezo ya mtu huyo. Nakujibu kama jirani.

Kasa wote wa baharini wamezuiwa kwenye biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES. Sheria yetu ya Wanyamapori ya 2013, ilipoanza kutumika Januari 2014, ilileta faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Imerekebishwa baadaye, lakini usitegemee kwamba imelegea. Na kilicho muhimu kwako: mahakama inaweza kutaifisha chombo kilichobeba. Boti na mashine yenye deni. Utakuwa ndani, huku deni linaendelea nje.

Utasema "sikujua". Ulishalinyanyua gunia ukalitilia shaka, na umeandika hapa.

Sasa kuhusu kesi kubwa, maana najua mtaniuliza. Juni 2014 polisi walikuta zaidi ya tani 2 za pembe kwenye yadi ya magari Tudor, Mombasa. Feisal Mohamed Ali alikamatwa Dar es Salaam Desemba mwaka huo kwa msaada wa Interpol. Julai 2016 hakimu akampa miaka 20 na faini ya milioni 20, watu wakashangilia duniani kote. Washtakiwa wenzake waliachiliwa siku hiyohiyo. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia na yeye kwenye rufaa. Kisheria basi hana hatia, na ndivyo nami nisemavyo. Lakini tani mbili za pembe zilikuwepo. Zilipigwa picha, zikahesabiwa, zikawekwa namba. Pembe zipo, mwenyewe hayupo. Mzee Pate amelisema vizuri kuliko majaji.

Kesi hizi hazifi kwa kukosa sheria. Zinakufa kwa kielelezo kilichopotea stoo, shahidi aliyehama, simu ambayo hakuna aliyeomba rekodi zake kwa wakati, kuahirishwa mara kumi na nne. Anayebaki hadi mwisho ni yule asiye na wakili: dereva, mbeba mzigo, nahodha.

Ndovu_Mpweke

Nyote mnazunguka. Magunia nje ya Kiwayu karibu na mpaka, usiku? Hiyo ni Shabaab moja kwa moja. Watu wa Lamu wanajua na wananyamaza.

Bi_Mkunguni

Nilikuwa nalisubiri hili.

Wewe uliye huko ulipo, sikiliza. Zilisambazwa habari miaka ile, zikapamba moto baada ya shambulio la Westgate 2013, kwamba Shabaab wanapata hadi asilimia 40 ya fedha zao kwenye pembe za ndovu. Viongozi wakubwa wakairudia mikutanoni. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti ya RUSI ya London ikaichambua ikakuta ushahidi wake ni haba mno. Fedha yao ilikuwa kwenye makaa na ushuru wa barabarani. Makaa ya Somalia Umoja wa Mataifa uliyapiga marufuku tangu Februari 2012. Lakini ile asilimia 40 haikuondoka vichwani.

Na gharama yake tumelipa sisi. Septemba 2015 ikaja operesheni ya msitu wa Boni. Waboni walikuwa wawindaji na warina asali, uwindaji ukapigwa marufuku 1977 wakaambiwa majangili, halafu msitu wenyewe ukafungwa wakaambiwa washukiwa. Wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku miaka kadhaa. Usiku! Uliza mvuvi yeyote samaki wa kusi huvuliwa saa ngapi. Huku pembe zinapita Kilindini ndani ya chai, mchana kweupe, na mihuri yote.

Mtandao unapenda sana habari za Shabaab. Kila mtu akitazama msituni, hakuna anayetazama ghalani.

Ndovu_Mpweke

Sawa dada, nimekubali kwenye asilimia. Lakini hao wa pembe hawauzi unga pia?

WakiliMpole

Hilo ndilo swali zuri zaidi ulilouliza. Ndiyo, na lina ushahidi. Tazama kesi ya New York ya kundi la Moazu Kromah, aliyekamatwa Uganda Juni 2019. Walishtakiwa kwa takriban kilo 190 za vipusa na tani 10 za pembe, zilizotoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Magharibi, nyingine zikifichwa ndani ya vinyago vya kuchonga. Wakenya walikuwemo. Mmoja wao, Mansur Mohamed Surur, alikamatwa uwanja wa ndege wa Mombasa Julai 2020 akitoka Yemen. Mashtaka ya baadhi yao yalikuwa na heroini pia. Anayejua kupitisha kitu kimoja anajua kupitisha kingine, njia ni ileile na mtu wa karatasi ni yuleyule.

Kromah alihukumiwa Agosti 2022 miezi 63. Miaka mitano na kidogo, kwa tani kumi. Kwetu kuna watu wamefungwa zaidi kwa kipande kimoja.

TangaRaha

Wakuu habari za huko. Jirani yenu wa kuvuka Vanga.

Sisi Tanzania tulipigwa vibaya kuliko nyinyi. Hesabu ya 2009 ilikuwa tembo 109,051. Ya 2014 ikawa 43,330. Miaka mitano! Pori la Selous ilikuwa unakwenda unakuta mifupa tu. Wakati huo wakikamatwa ni wabeba magunia, kila wiki, na meno yanaendelea kutoka.

Kilichobadilika, kwa mtazamo wangu, ni pale kikosi maalumu kilipoacha kuhesabu meno kikaanza kuhesabu simu na fedha: nani anampigia nani, nani analipia bunduki, nani anakodi gari. Ndipo wakampata Boniface Maliango, yule aliyejulikana kama "Shetani hana huruma", Machi 2017 akala miaka 12. Na Februari 2019 Yang Fenglan, mama wa Kichina, miaka 15. Huyo mama ndiye anayenichosha akili. Alikuja nchini enzi za reli ya TAZARA akiwa mkalimani, Kiswahili anakimwaga kama mtu wa Kariakoo. Baadaye akawa na mgahawa Dar. Watu wamekula kwake miaka, wanamwita mama.

Kwa hiyo Nahodha usitafute mtu mwenye sura mbaya. Tajiri wako wa pweza anatosha.

Duka_la_Kombe (Malindi)

Naona mnazungumza tani. Mimi niseme gramu.

Niliuza vitu vya kumbukumbu ufukweni miaka mingi, Waitaliano wakiwa wamejaa. Kombe, matumbawe, bangili. Bangili za ng'amba nilizikuta kwa aliyenitangulia, zimefichwa chini ya kaunta kwenye mkebe wa biskuti, mteja akiuliza kwa kunong'ona anafunguliwa. Hakuna aliyejiona mhalifu. Mzee yule alikuwa mtu wa swala tano. Mtalii naye anaona ni zawadi ya mkewe, mpaka afike kwao forodhani afunguliwe sanduku.

Siku moja mtoto wa kike wa mteja, miaka saba hivi, aliuliza kwa Kiitaliano, "na kasa mwenyewe yuko wapi?" Kiitaliano changu kilitosha kuelewa. Hakikutosha kujibu. Niliufunga mkebe ule, sikumwambia mtu, nikauzika. Sasa nauza vikoi. Faida ni ndogo.

KijanaWaGede

Na mimi niseme, kuna watu huku wanauza wanyama nje ya nchi kihalali na hakuna anayewakimbiza. Kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993. Wakulima wanafuga vipepeo, wanauza pupa, zinapelekwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Mama yangu alinilipia karo ya sekondari kwa vipepeo. Kila pakiti ina karatasi yake, na mwenye jina kwenye karatasi ni mtu unayeweza kumkuta Gede akipalilia.

Linganisha na ile ya sisimizi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikutwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 kwenye vijichupa vya plastiki. Watu walicheka, eti sisimizi. Mahakama haikucheka: milioni moja au miezi 12. Mdudu ni mdudu, kipepeo na sisimizi. Tofauti ni kwamba mmoja ana karatasi yenye mtu.

KaziNiKazi

Gede mna vipepeo. Ngomeni tuna nini, mbu?

KijanaWaGede

😂 Hapo umenishinda.

MtotoWaShela

Lakini hata Watamu wapo wanaomlipa mvuvi kidogo akimwachia kasa aliyenasa. Wamefanya hivyo tangu miaka ya tisini mwishoni. Si pesa ya kulipa deni la mashine, ila angalau mtu hatoki mikono mitupu na wavu umechanika.

KaziNiKazi

Hiyo naijua, nimeshalipwa mara mbili. Ndiyo, mnanicheka, lakini nimelipwa. Ni pesa ya unga na mafuta ya taa. Elfu themanini ni kitu kingine, na nyote mnajua. Mpaka mtu aje na jibu la elfu themanini, tajiri wa pweza atapata boti kila kusi.

Bi_Mkunguni

Leo umesema kweli moja.

NahodhaWaKusi

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Nimemwambia mke wangu. Alinyamaza, akaosha vyombo vyote, hata visafi. Halafu akasema, "Boti ni yako lakini mtoto ni wetu."

Nitamwambia mashine imeharibika. Mstaafu, nimekuibia uongo wako.

Kliaring_Mstaafu

Uchukue bure. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu mzigo wangu. Uliondoka.

*(Siku sita baadaye)*

NahodhaWaKusi

Mzigo uliondoka.

Aliupata kijana wa kwetu, miaka ishirini na miwili, ameoa mwaka huu. Sitamtaja, wa Amu mtajua. Amekamatwa kabla hajafika nje ya Kiwayu. Magunia manane. Mzee Pate, ni ng'amba kama ulivyosema, na ndani ya magunia mawili mlikuwa na mapezi ya papa. Jahazi hakuna aliyeliona. Boti yake imefungwa gatini, imepakwa namba kwa rangi.

Jana Ijumaa tajiri wa pweza alikuja msikitini. Aliswali safu ya mbele yangu. Baada ya swala akamshika mkono baba wa yule kijana, akampa pole mbele za watu, akatoa na elfu mbili za chai.

Nina ujumbe wake kwenye simu. Alinitumia siku ile, mahali pa kuchukua magunia na saa. Sikuufuta.

WakiliMpole

Usiufute. Usiupige picha ukamtumia mtu. Usibadilishe simu. Nimekuandikia faraghani, soma sasa hivi.

Kijana huyo asikiri chochote kabla hajaonana na wakili. Mwambie babake.

Ndovu_Mpweke

Na Nahodha akitaja, nani atamlinda? Maswali ya kweli haya.

WakiliMpole

Kuna sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006 na kuna ofisi yake. Sitakudanganya kwamba inatosha kwa kisiwa ambacho kila mtu anajua nyumba ya kila mtu. Ndiyo maana nimesema faraghani.

Mzee_wa_Pate

Mwanangu, yale mato ya babake nimeyaona yana pale kwenye baraza. Nenda. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, mimi bado natembea.

*(Wiki mbili baadaye)*

NahodhaWaKusi

Assalaam aleikum. Maelezo nimeandika. Kurasa tano, kutwa nzima, kalamu iliisha wino wakaenda kutafuta nyingine. Mzee Pate alikaa nje kwenye benchi tangu asubuhi akala muhogo wangu wote. Simu yangu wameichukua, wamenipa karatasi yenye muhuri na namba, WakiliMpole ameniambia niitunze kama cheti cha ndoa. Natumia ya mke wangu.

Tajiri hajaonekana mjini. Watu wanasema kaenda Mombasa kutibiwa.

Kijana ametoka kwa dhamana, kesi imepangwa mwezi ujao. Boti bado wanaishikilia, na nyavu zilizokuwa ndani panya wameshazila. Nduguye ana dau la babu yao, halina mashine lakini linaelea, ila hana wavu. Kama kuna mtu ana wavu wa inchi tatu au nne usiotumika, hata wa viraka, naomba.

KaziNiKazi (Ngomeni)

Nina vipande viwili vya inchi nne, kimoja kina tundu la papa katikati, kinashoneka. Jumatano nakuja Malindi na samaki. Aje bandarini kabla ya adhuhuri, aulize mtu wa Ngomeni mwenye kofia nyekundu.